Tumbo Lililotangulia Kuzikwa

Kipande changu kimoja kilizikwa kabla yangu. Kiko nyuma ya nyumba, karibu na ukuta wa jikoni, na juu yake hapajapandwa kitu hadi leo, maana shangazi alikataza. Nani atakula mchicha uliomea juu ya tumbo la mtu? Wajukuu zangu hupita hapo wakikimbiza kuku, hawajui lolote. Mkubwa wao aliniona siku moja nikibadilisha gauni, akataka kujua ule mstari chini ya tumbo, kutoka nyonga hii hadi nyonga ile, ni wa nini, na kitovu changu kiko wapi. Nikamwambia nitamwandikia. Kuandika nilijifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, nimekalia benchi la watoto na mwili wa watu wawili, kwa hiyo mwandiko wangu asiucheke.

Nilikuwa mnene. Sisemi kwa haya. Wakati ule mwanamke mnene alikuwa sifa ya nyumba ya mumewe, na mimi nilimsifia wangu kwa kila upande. Niliuza vitumbua stesheni ya Kigwa, na abiria waliozoea njia hiyo walikuwa hawatafuti vitumbua, walikuwa wanatoa vichwa madirishani kunitafuta mimi, kisha wananifuata kwa kidole kama watu wanaoonyeshana mlima. Mume wangu alikuwa fundi cherehani. Alipenda kuwaambia wateja kwamba kitambaa cha gauni langu moja kingewavisha wanawake wawili na kubaki cha mtoto, na alisema hivyo huku futikamba ikining'inia shingoni mwake, kama mtu anayejisifia ukubwa wa shamba lake.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mpagazi. Alibeba pembe kutoka huku kwetu hadi pwani, akarudi na majora ya marekani, kile kitambaa cheupe cha pamba, na begani alikuwa na sugu ngumu kama kisigino. Sisi wajukuu tulikuwa tunaigonga kwa vidole. Alituambia kila kambi yenye maji, mzigo ulitua. Mimi wangu niliubeba mbele, na kambi yake sikuiona.

Kisha ukaja ugonjwa wa sukari. Nilijua ni nini kabla ya daktari kusema, kwa sababu sisimizi walianza kujipanga pale ninapokwenda haja ndogo, kama walivyokuwa wakijipanga nyuma ya nyumba ya mama yangu. Mama alikufa kwa mguu. Ulianza kuoza kidole, ukapanda, na mimi ndiye niliyekuwa nikimfukuzia nzi. Kwa hiyo daktari wa Tabora aliponiambia niache vitamu na nipunguze kula, hakuwa na haja ya kusema mara mbili. Kila asubuhi nilikaanga vitumbua nisionje hata kimoja. Nililamba vidole kwa mazoea, nikakumbuka, nikavifuta kwenye kanga. Halafu tukahamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa hapo hapo Kigwa, nyumba zimepangwa mistari kama maharage, tukalima shamba la pamoja, na mvua za mwaka ule zikatupa kisogo. Katika muda wa kama miaka miwili unene wangu wote ukaondoka.

Unene uliondoka, mfuko wake ukabaki. Ngozi ya tumbo ilishuka ikalala juu ya mapaja kama aproni. Nikitaka kuoga niliinyanyua kwa mikono miwili. Nikitembea ilinipiga. Chini yake, pasipofika hewa, pakachubuka, pakawa kidonda, na kidonda kikatoa harufu. Mume wangu alinikatia vipande vya kanga kuukuu niviweke katikati, akavichemsha mwenyewe, akavianika ndani ili majirani wasivione. Niliacha kukaa na wanawake wenzangu kwa sababu nilikuwa najinusa. Niliacha kusali pia. Nguo ilikuwa haikai safi hata nafasi ya kutoka kwenye ndoo hadi kwenye mkeka, na nikiinama, kidonda kinafunguka. Nilikuwa na hofu ya mguu wa mama kwa siri, kumbe kuoza kumeanzia tumboni.

Ndipo nikarudi Tabora, na daktari, mtu mpole wa sauti ndogo, akanyanyua ile ngozi kwa mikono yake bila kugeuza uso. Alisema kidonda kinachofunikwa mchana na usiku hakitapona kwa dawa, inabidi ngozi ikatwe, kisha kingo zake mbili zishonwe pamoja. Nikamuuliza mwenye sukari akikatwa anapona? Angeweza kunidanganya, na mimi ningemshukuru. Alisema mshono wa mwenye sukari hufunga kwa taabu, na mingine haifungi. Maneno hayo, "mingine haifungi", niliingia nayo chumba cha kupasuliwa, na nilipozinduka yalikuwa ya kwanza kurudi.

Nilizinduka nimekunjwa kama kisu cha kukunja, mito chini ya magoti, kichwa juu. Nilipeleka mkono tumboni kwa uoga, nikakuta bandeji, na chini ya bandeji hakuna kitu kinachoning'inia. Nilitaka kufurahi lakini sikuthubutu kuvuta pumzi. Walipobadilisha bandeji siku chache baadaye nikainua kichwa nione. Mshono ulikwenda nyonga hadi nyonga, mweusi kwa nyuzi, kama zipu. Na pale katikati, palipokuwa na kitovu tangu nizaliwe, pamekaa ngozi tupu kama paja.

Nilimuuliza muuguzi aliyekuwa akinifunga, mwanamke mrefu mwenye maneno makali, kitovu kimekwenda wapi. Akanijibu kwamba kimekwenda na ngozi yake, kazi yake kilishaifanya siku nilipozaliwa.

Kwake lilikuwa jambo dogo. Kwetu mtu akiulizwa kwao ni wapi, hujibu pale kitovu chake kilipozikwa. Aliyekizika cha kwangu ni shangazi, dada wa baba. Yeye ndiye aliyempokea mama yangu siku ya uchungu, na alikuwa bado hai, mkavu kama kuni, bado akipokea wazazi wa kijiji kizima na kuwakanda. Aliposikia nimekatwa aliagiza jambo moja tu: nyama yangu isiachwe hospitali ikatupwa na pamba za watu. Viungo vya Mwislamu huzikwa.

Mume wangu akaiomba. Wakampa imefungwa vizuri ndani ya kopo la samli lenye mfuniko, akapanda nayo treni daraja la tatu, ameipakata. Alinisimulia baadaye, na tulicheka kwa pua tu kwa sababu ya mshono wangu. Jirani yake kwenye benchi alimuuliza kama ana nyama ya kuuza. Akamjibu hapana, ni ya mke wangu. Yule mtu akamsifu, akasema siku hizi waume wanaowabebea wake zao nyama ni wachache.

Walipozika, shangazi na shekhe wa kijiji wakabishana tumbo linaelekezwaje kibla. Wakalilaza tu, ndani ya kipande cha marekani. Shangazi alipokuja kuniona hospitali alinieleza yote hayo kwa fahari, kama mtu aliyekamilisha harusi. Aliniambia alimwagia maji juu, akaliambia lilale, limwache mwenzake, lisimwite.

Mimi sikuwa nimewaza kwamba linaweza kuita. Tangu hapo sikuwaza kingine. Mchana wodi ilipotulia nilijilaza nikisikiliza upande wa Kigwa. Mtu hufa mzima akazikwa mzima. Mimi nilikuwa nimeanza.

Nyuzi zilitolewa, mshono umefumba, na yule muuguzi akanipa masharti. Nisinyanyue kitu. Nisilowanishe mshono. Nitembee nimeinama kidogo mpaka ngozi izoee, kwa kuwa imevutwa. Nikiona maji yanatoka, nirudi bila kungoja mtu. Nikarudi Kigwa nimeinama kama anayetafuta sindano, mkono mmoja ukutani, mwingine tumboni.

Nyumbani niliogopa kila kitu chenye nguvu. Niliogopa kikohozi. Niliogopa chafya, na jirani alikuwa anakaanga pilipili kila siku. Asubuhi kilipogongwa kipande cha reli kuwaita watu shamba la pamoja, walipita mlangoni na majembe, wakanisalimu mwangaluka, na mmoja wao, mwanamke niliyekuwa nikimkopesha vitumbua, akasema fundi wetu kachoka kupunguza magauni, sasa anapunguza mke. Nikacheka. Mshono ukavuta kama kamba ya ndoo. Nikalikamata tumbo kwa mikono miwili, na tangu hapo nikaogopa kucheka pia.

Mume wangu aliomba kuuona mshono. Akavaa miwani yake, akapiga magoti, akaufuata kwa kidole bila kuugusa. Akasema daktari ana mkono mzuri, ila pembeni, upande wa kulia, pana kunyanzi. Alisema vile anavyosema juu ya nguo yoyote, hakuwa na nia mbaya. Mimi kuanzia hapo nikawa na kazi ya kuchunga pembe ya kulia. Niliichungulia nikiamka, niliichungulia baada ya chakula. Haikufanya lolote, na katikati sikupaangalia hata mara moja.

Tumbo likavimba kidogo, likawa na kitu kama maji yanayotikisika chini ya ngozi. Nilimwambia shangazi, maana nani mwingine nimwambie. Akaja asubuhi na sufuria, majani ya mwarobaini, taulo, na kitambaa chake kirefu cha mkaja, kile anachowafunga wazazi. Alikiweka kitandani kama askari anavyoweka bunduki.

"Wamekufungua, hawakukukanda," alisema. "Mwanamke akifunguliwa tumbo huingia baridi. Hayo maji unayoyasikia ni baridi hiyo. Unangoja yafike moyoni?"

Nikamwambia sikuzaa. Akasema tumbo halijui limetolewa nini, linajua limefunguliwa. Nikamwambia muuguzi amekataza maji kwenye mshono. Akachovya taulo kwenye sufuria, akalikamua kwa ile mikono yake mikavu mpaka halikudondosha hata tone, likabaki linafuka moshi tu, akalishika mbele ya uso wangu.

"Nionyeshe maji yako wapi."

Hofu zangu mbili zilipigana. Ya muuguzi ilikuwa na haki, lakini ilikuwa Tabora, na ya shangazi ilikuwa imesimama mbele yangu imeshika taulo. Tena nyuma ya ukuta, hatua chache kutoka kichwani pangu, kilikuwa kimelala kile kipande, na nilishaanza kuamini kwamba hayo maji ndiyo mwito wenyewe. Nikalala chali.

Nitasema kweli: ilikuwa raha. Joto liliingia mpaka mgongoni. Ngozi ya chini ya tumbo ilikuwa haisikii vizuri tangu nikatwe, ilikuwa kama ya mtu mwingine niliyoazimwa, kwa hiyo sikujua ni moto kiasi gani wala anakandamiza kiasi gani. Niliona mabega yake tu yakipanda na kushuka. Kisha akanizungushia mkaja, akaweka goti kwenye ukingo wa kitanda, akavuta kama anayefunga mzigo wa punda. Ndani ya tumbo nikasikia kitu kidogo kikiachia, mfano wa uzi ukikatwa kwa meno. Hakikuuma. Nikajiambia ni kitambaa.

Kesho yake mkaja ulikuwa umelowa.

Shangazi aliufungua polepole, zamu ya mwisho akaibandua kwa vidole viwili. Yalitoka maji ya rangi ya maji ya kuoshea mchele, yamechanganyika na damu. Mshono ulikuwa umefunguka katikati, mdomo ambao mkono wa mtoto ungeingia, na ndani yake niliona manjano kama mafuta ya kuku. Nilijiona ndani. Mtu hakuumbwa kujiona ndani.

Lakini sikuogopa kwa kuona hivyo, siyo kabisa. Niliinua macho nimwangalie shangazi, nipate kujua niogope kiasi gani. Yeye alishatoa watoto waliofia tumboni, alishaosha maiti za kipindupindu, sikuwahi kumwona amebadilika sura. Sura yake ilikuwa imebadilika. Akanifunika kwa kanga safi, akakaa chini sakafuni.

"Mwanangu," akasema, "nimekuua."

Nilitaka kumwambia bado.

Mume wangu alikuja kutoka barazani na pini mdomoni. Akafunua kanga, akaangalia. Akazitoa pini moja moja, akazichomeka zote kwenye shati lake. Kisha alisema neno moja tu, treni, akaenda kutafuta baiskeli ya kunisukumia hadi stesheni.

Treni ya kwenda Tabora ilichelewa, kama kawaida yake. Walinilaza kwenye benchi la stesheni, mahali pale pale nilipokuwa nikiweka karai langu la vitumbua. Mwanamke mwingine alikuwa ameshika nafasi yangu, mwembamba, vitumbua vyake vimepauka. Alinikaribisha kununua. Hakunijua. Nilikuwa nimekaa miaka hapo, nimelijaza jukwaa lile, na sasa nilikuwa bibi aliyekunjamana ndani ya blanketi anayenuka. Nilihisi unyevu unateremka pajani, nikabana miguu, kana kwamba roho inatokea hapo na naweza kuizuia. Nikasikiliza reli. Nikasikiliza pia nyuma, upande wa kijijini. Shangazi alikuwa amekaa ardhini miguuni pangu, mkono wake ndani ya blanketi, ameshika kifundo cha mguu wangu, na hakuniachia mpaka Tabora.

Hospitali daktari alikuja akaangalia, akanusa, akaminya huku na huku, akasema hatashona tena. Jeraha liachwe wazi, lioshwe kwa maji ya chumvi, lijazwe gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, lijae lenyewe kutoka chini kwenda juu.

Sikumwelewa hata kidogo. Nilichosikia ni "liachwe". Mume wangu nguo ikichanika akiiacha, ni kwamba imekuwa tambara. Nikajua wamenikatia tamaa na wana adabu tu ya kutosema. Niligeuza uso ukutani nikaanza kuwapangia watoto wangu nani achukue sufuria zipi.

Yule muuguzi mrefu akaja na sinia ya gozi. Alipoona ngozi ya pembeni imebabuka, nyekundu, na alama za mikunjo ya mkaja bado zimekaa kiunoni, alisimama. Akaweka sinia chini.

"Nani amekukanda?"

Ningesema nani? Wodi nzima ikageuza vichwa, maana wagonjwa hupenda ugomvi usiokuwa wao. Shangazi alikuwa kwenye kona, anakunja kanga zangu. Alisimama akajinyoosha mgongo.

"Mimi."

Muuguzi akamgeukia, na nilimwona akivuta pumzi ya kupasua mtu. Ila alipomwangalia vizuri, kibibi kile kikavu chenye kanga zangu mikononi, pumzi ile akaitoa bila maneno. Akamwamkia shikamoo. Shangazi akaitikia marahaba kwa sauti ya mshtakiwa.

"Bibi, huyu hakuzaa."

"Mlimtoa kitu tumboni au hamkumtoa?"

"Tulimtoa."

"Basi."

Mtu mmoja kitanda cha dirishani akacheka, na muuguzi naye mdomo ukamcheza. Hakumgombeza. Alimwita karibu, akamwambia aangalie anavyofanya, akamweleza kwamba mzazi tumbo lake limefunguka kwa ndani, na huyu wa kwetu amekatwa ngozi ya juu, na ngozi ya mshono haisikii, ukiipa moto haikuambii basi. Shangazi alisikiliza, kichwa upande. Akauliza kufunga je, kufunga nako ni kosa? Muuguzi akasema hapana, kufungwa anatakiwa afungwe, lakini kukavu, kwa kitambaa kipana, na kwa mkono wa huruma. Hilo shangazi alilishika kama mtu aliyeokota kitu chake kilichopotea. Siku zote zilizobaki aliwaambia wagonjwa wa pande zote kwamba suala la kufunga, yeye na hospitali hawakutofautiana.

Nikalala hapo mwezi, na zaidi. Kila asubuhi waliondoa gozi la jana na kuweka la leo, na kila asubuhi niliuma ncha ya kanga nikangoja kusikia kwamba jeraha limezidi. Nilikuwa siangalii. Shangazi ndiye aliyekuwa akiniangalizia. Mwanzoni alisema tu "liko vilevile". Asubuhi moja akasema imeingia nyama nyekundu kama fizi za mtoto, na muuguzi akasema naam, hiyo ndiyo. Sikuwaamini. Nilidhani wamepatana. Niliamini siku gozi lilipopungua, likawa linaingia dogo kuliko kidole, na mume wangu, aliyekuja na kuku wa kuchemsha, akavaa miwani yake, akasema pindo limekutana.

Watu hudhani hofu huondoka na kidonda. Yangu ilibaki. Jeraha lilifumba, likaacha kovu nene katikati, na mimi nikarudi nyumbani nimeinama vilevile. Daktari alishasema ninyooke. Nilikuwa siwezi. Kila nikijaribu, nilisikia ule uzi unakatwa kwa meno. Mume wangu alishona mkanda mpana wa marekani, tabaka mbili, wenye kamba sita za kufungia pembeni, akaupima mwilini mwangu na futikamba. Alipofika mwisho wa kupima alisimama ameshika namba ile kidoleni, akatikisa kichwa, akasema alikuwa hajawahi kunizungushia mkono mmoja ukarudi. Nilipita mlango nimefungwa hivyo, bado nimeinama. Niliteka maji kwa kikombe. Nilisali nimekaa kitini, naashiria kwa kichwa, maana kitu nilichokiogopa kuliko chafya na kikohozi kilikuwa kusujudu. Kukunja tumbo lote, halafu kuweka paji la uso chini, kwenye udongo. Udongo ulishanionja. Nilihisi nikiukaribia hivyo utavuta kilichobaki.

Sikumwambia mtu. Shangazi alijua tu. Alinitazama nikisali kitini siku kadhaa, akitafuna karanga.

Alasiri moja watu walikuwa shamba la pamoja, kijiji kitupu. Barazani cherehani ya mume wangu ilikuwa inakimbia. Shangazi akaja na mikeka miwili, akaitandika nyuma ya nyumba, karibu na ukuta wa jikoni, kwa sababu eti ndipo penye kivuli. Kivuli kilikuwepo kila upande saa ile. Pale alipotandika wa kwangu ndipo alipolichimbia lile tumbo kwa jembe lake mwenyewe.

"Leo utasali na mimi," alisema. "Ukipasuka nitakushika."

Nikavaa mkanda, nikatia udhu, nikasimama nyuma yake kidogo. Nilirukuu, mkono nyuma ya kanga umebana tumbo. Nikashuka magoti. Magoti yalifika. Nikaweka viganja. Hapo nikakaa kama mbuzi, shangazi ameshasujudu, kisogo chake kidogo kimetulia, na mimi sishuki. Cherehani barazani ikanyamaza. Nikajua mume wangu anasikiliza.

Nikashuka. Tumbo lilikunjika, na kwa mara ya kwanza tangu nikiwa mwali, hapakuwa na kitu kati yangu na mapaja yangu. Paji la uso likagusa mkeka, na chini ya mkeka ugumu wa ardhi. Nikangoja uzi. Nikangoja mwito. Nilisikia harufu ya majivu ya jikoni, na kuku anayeparua, na moyo wangu unavyogonga ndani ya marekani. Shangazi akainuka, akasujudu tena, akainuka. Alimaliza rakaa zake zote akatoa salamu kulia na kushoto, na mimi nilikuwa bado niko chini pale pale.

Akajivuta mpaka kando yangu. Nikahisi kiganja chake kikipita chini ya tumbo langu, mbali na mshono, kikakaa hapo bila kukandamiza.

"Unaogopa nini tena?"

"Kuinuka," nikasema, na kwa kusema sala yangu ikawa imebatilika.

"Inuka, mama. Ardhi imeshapewa sehemu yake kwako. Iliyobaki haina haraka nayo."

Barazani cherehani ilianza tena, kwanza polepole, kisha ikakimbia. Nikainuka, mkono wake chini yangu, nikasimama wima kwenye mkeka mpaka mgongo ukalia. Kisha nikamwambia anipishe, nikanuia upya, nikaianza sala kutoka mwanzo.